Busia, Malaba na Namboboto: pa kula, pa kunywa na pa kulala kwa msafiri wa Pwani

Kutoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda ni zaidi ya kilomita 900, na watu wetu wanaokwenda huko si wachache. Kuna madereva wa matrela na utingo wao, wafanyabiashara wanaofuata mahindi, maharagwe na mayai ya Uganda, wazazi wanaopeleka watoto Chuo Kikuu cha Alupe nje kidogo ya mji wa Busia, na wale waliooa au kuolewa huko. Wengi huondoka nyumbani bila kujua watalala wapi, na wakifika usiku hulala popote taa inapowaka. Makala hii ni ya kuwapunguzia hilo.

Kwanza tutenganishe majina. Busia ni kaunti ya Kenya, na pia ni mji mkuu wa kaunti hiyo. Ng'ambo ya mpaka kuna mji mwingine unaoitwa Busia, wa Uganda, na ukisimama barabarani huwezi kujua ule umeisha wapi na huu umeanzia wapi. Malaba nako ni vivyo hivyo, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda, na kati yake mto wa jina hilohilo. Busia na Malaba zimeachana kwa mwendo wa takriban kilomita 30, na barabara inayoziunganisha hupita Alupe na Adungosi. Namboboto ni soko dogo la Wasamia, kusini ya mji wa Busia kwa upande wa kuelekea Funyula. Ni chini ya saa moja kwa matatu kama njia haina tope.

Kwa hiyo ukiweka chumba kwa simu au kwa intaneti, hakikisha ni Busia ipi. Ukikosea utajikuta saa tano ya usiku umesimama kwenye dirisha la uhamiaji na begi begani, kwa sababu kitanda ulicholipia kiko nchi nyingine.

Njia ya kufika ni mbili. Ya Malaba ndiyo ya matrela: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Webuye, Bungoma, kisha mpaka. Ya Busia hupita Kisumu. Mwenye kutaka kupumzika njiani apande treni ya SGR hadi Nairobi, ambayo tangu Januari 2024 nauli yake ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, kisha aunge basi la usiku. Easy Coach huenda Busia, na yapo mabasi ya Kampala yanayopita mpakani. Mwenye haraka aende kwa ndege hadi Kisumu kupitia Nairobi, amalizie kwa matatu. Ushauri wetu ni kupanga safari ufike mchana. Basi linalokushusha saa tisa za usiku kwenye mji usioujua halikuokoi pesa, maana ile ya chumba uliyodhani umeibana utawapa bodaboda na mwenye lojingi atakayekuamkia kwa hasira.

Na tukitaja bodaboda, neno lenyewe linasemwa na wengi kuwa lilizaliwa hapa. Zamani palikuwa na mwendo mrefu kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, magari ya abiria hayakuruhusiwa kupita bila karatasi, na vijana wenye baiskeli wakawa wanavusha watu na mizigo huku wakiita boda, boda, yaani mpaka kwa mpaka. Siku hizi ni pikipiki, na neno limefika hadi Lamu na Unguja.

Sasa chakula, maana ndilo swali la kwanza la mtu wa Pwani.

Samaki ndiye mfalme. Ziwa Victoria liko karibu, na magari ya samaki hutoka Sio Port na Port Victoria. Utamkuta ngege, ambaye wengi kwetu wanamjua kwa jina la tilapia, na mbuta yule mkubwa wa nyama nene. Wapo pia mumi na kamongo, ambao mgeni huwaogopa kwa sura kabla ya kuwaonja. Hakuna kupaka wala tui. Samaki hukaangwa mzima, mkavu, au hukaangwa kisha akatiwa kwenye nyanya na vitunguu hadi mchuzi ukashika. Ukizoea samaki wa nazi utaona kuna kitu kimepungua, lakini ngege aliyevuliwa asubuhi na kukaangwa mchana hahitaji msaada mwingi. Chagua mwenyewe kwenye sinia kabla hajaingia mafutani. Tazama jicho na mashavu kama ufanyavyo Marikiti. Samaki wa maziwa makuu haharibiki polepole kuliko wa bahari.

Kuna kitu kinaitwa mgongo wazi. Ni mbuta aliyekwisha kutolewa minofu viwandani, minofu ikaenda kuuzwa nje ya nchi, kikabaki kichwa, mifupa na nyama iliyoshikilia. Hukaangwa na kuuzwa kwa bei ya chini sokoni. Ni kitamu, hilo hatukatai, na kichwa chake kina mafuta mengi. Lakini mla mgongo wazi akumbuke kwamba watu wa ziwa lenyewe wamebakiziwa mifupa, na hili ni jambo ambalo wavuvi wetu wa kamba na pweza wanalielewa vizuri.

Omena ni dagaa wa huko. Waliokaangwa vizuri, wakaoshwa kwa maji moto kwanza ili mchanga utoke, ni chakula cha bei nafuu kuliko vyote. Walioharakishwa utasikia mchanga menoni.

Ugali wa sehemu hii si ule mweupe pekee. Agiza wa mtama na muhogo, au wimbi na muhogo. Ni wa rangi ya kahawia, laini, unavutika kidogo, na unashiba haraka. Watesio huuita atap, na ukivuka Uganda utausikia ukiitwa kalo. Huliwa vizuri na mboga za kienyeji: mrenda unaoteleza, kunde, sagaa, mnavu. Watesio hutia karanga zilizosagwa kwenye majani ya kunde, na hapo ndipo mtu wa Pwani anapopata ladha inayomkumbusha mboga ya tui. Kama utakula chakula kimoja tu cha wenyeji, tungekwambia iwe hicho.

Mvua zikianza hutoka kumbikumbe, waliokaushwa au kukaangwa, wakauzwa kwa kikombe sokoni. Wako wanaowapenda, wako wanaogeuza uso.

Upande wa Uganda meza hubadilika. Kuna matoke ya kupondwa, mchuzi wa karanga, na asubuhi kuna roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, nyanya na kabichi, inayopikwa mbele yako kando ya barabara. Chapati iliyokatwakatwa na kutiwa maharagwe huitwa kikomando na hushibisha mchana kutwa. Ugali mweupe huitwa posho. Na ukisema unataka supu, pande zote mbili za mpaka, unaweza kuletewa mchuzi tu wa kutowelea. Ukitaka supu ya mifupa ya kunywa asubuhi, ieleze hivyo.

Tuje kwenye lile linalowasumbua wengi wa wasomaji wetu: halali. Busia na Malaba zina misikiti, zina Waislamu wa muda mrefu, na zina mikahawa ya Waislamu, mingi ikiwa inahudumia madereva. Njia rahisi kuliko zote ni kuuliza msikitini baada ya sala. Utaelekezwa mkahawa, buchari, na mara nyingi utapata mtu wa kukusindikiza. Uganda kwa desturi kazi ya kuchinja ng'ombe na mbuzi hushikwa sana na Waislamu, na buchari nyingi huchora mwezi na nyota ukutani. Lakini usichukue alama peke yake. Nyama ya nguruwe inapendwa sana sehemu hizi, na pengine huchomwa au hukaangwa hatua chache tu kutoka kwenye mbuzi wako. Uliza kuhusu nyama, kisha uliza kuhusu mafuta na kuhusu kisu. Wapishi wa huko wamezoea swali hilo na hawaoni vibaya, mradi uliulize kwa upole na kabla chakula hakijafika mezani. Ukikosa uhakika kuna samaki, mayai na maharagwe, hutalala njaa.

Jambo jingine la Waislamu, hasa mwezi wa Ramadhani. Busia iko magharibi ya Mombasa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo jua huzama kwa kuchelewa. Tofauti ni kama robo saa mwezi wa Desemba na inakaribia nusu saa mwezi wa Juni. Simu iliyowekwa saa za Mombasa itakufunguza kabla ya wakati. Badilisha mji kwenye simu, au subiri adhana ya hapo hapo.

Kwa upande wa vinywaji, chai ya maziwa ipo kila kona, nzito na tamu. Uji wa wimbi asubuhi ni mzuri kuliko chai kwa mwenye safari ndefu. Matunda ni mengi na rahisi: mananasi ya Uganda, ndizi za kila aina, maparachichi makubwa. Madafu usiyatafute. Kahawa chungu ya kashata kama ya Mji wa Kale haipo. Maji kunywa ya chupa, na ukague kifuniko.

Pombe ya kienyeji ya Watesio huitwa ajon, hutengenezwa kwa wimbi. Hutiwa kwenye chungu katikati, ikaongezwa maji moto, na watu wakakaa duara kila mmoja na mrija wake mrefu. Tunaitaja kwa sababu utaiona, na kwa sababu kukaribishwa kwenye duara ni heshima. Asiyekunywa akatae kwa kushukuru na kuomba soda au chai, na hakuna atakayekasirika. Chang'aa ni habari nyingine. Usijaribu hata kidogo, kwa maana Kenya imezika watu wengi kwa pombe iliyochanganywa na kemikali, na mgeni hana njia ya kujua iliyo mbele yake imetoka wapi.

Malazi. Mji wa Busia ndio wenye hoteli za kulala zenye kiwango. Farmview, Border Palace na Itoya ndizo utakazotajiwa ukiuliza, na zina kumbi za mikutano, maana yake serikali ya kaunti na mashirika yakiwa na semina vyumba huisha siku moja. Piga simu siku mbili tatu kabla. Chini ya hapo kuna nyumba za wageni nyingi, nyingine safi sana na nyingine za kukimbia. Kanuni ya kuchagua ni ileile ya kila mji wa mpakani: omba uone chumba kabla ya kulipa, funga mlango kwa ndani uone kama kitasa kinashika, fungua bomba, tazama neti ina matundu mangapi. Neti si mapambo. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi Kenya, na mtu wa Pwani asijidai kwamba amezoea mbu. Sikiliza pia kuna baa chini au jirani. Muziki wa Ijumaa usiku huisha alfajiri.

Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kwa hiyo usiku una baridi ambayo si ya kutisha, ila mwenye kanga moja ataijua. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na nyingine hurudi kuanzia Agosti.

Malaba ni mji wa kusubiri. Watu hawaendi Malaba, hukwama Malaba. Matrela hujipanga foleni ya kilomita kadhaa, na Mei 2020, wakati madereva wote walipotakiwa kupimwa korona, foleni ilienea kurudi nyuma kuelekea Bungoma na watu wakalala ndani ya magari siku nyingi. Siku za kawaida mambo ni mepesi zaidi, lakini dereva yeyote atakwambia mfumo wa forodha ukikatika saa sita mchana, mipango yote imekwisha. Ndiyo maana Malaba imejaa lojingi za bei ndogo, vibanda vya chai vya usiku kucha, na vinyozi wanaofanya kazi hadi saa nne.

Kwa madereva na utingo tuseme wazi. Kulala kwenye kabini kunaokoa pesa lakini mafuta hunyonywa na maturubai hukatwa. Wakiwa wawili, mmoja alale chumbani na mmoja abaki na gari, wabadilishane. Eneo la kuegesha lenye ukuta na mlinzi lina bei yake, ila ni ndogo kuliko ya tairi moja. Chakula kizuri mara nyingi kiko nyuma ya barabara kuu, pale unapoona wapakiaji mizigo wenyewe wanakula saa saba mchana. Mama lishe wa Malaba hupika sufuria moja ya maharagwe, moja ya nyama na moja ya mboga, zikiisha amefunga. Ukifika saa kumi jioni utakula chapati kavu.

Mwanamke anayesafiri peke yake, tungemshauri alale Busia kuliko Malaba, alipe kidogo zaidi kwa chumba chenye choo na bafu ndani, na afike kabla ya magharibi.

Namboboto hakuna hoteli ya kulala ya kuandikwa hapa. Kuna maduka, vibanda vya chai na chapati, na siku ya soko kuna samaki, muhogo mkavu, mtama na kuku. Atakayekwenda Namboboto kwa kawaida ana mwenyeji, na kwa Wasamia mgeni halali njaa. Kuku atachinjwa kwa ajili yako. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu mwenyeji ametoa kilicho bora na wewe umebaki unajiuliza nani alichinja. Dawa yake ni kusema mapema, kwa simu, kabla hujafika: mwambie mwenyeji kwamba ungependa uchinje mwenyewe. Kuku ataletwa akiwa hai, utakabidhiwa kisu, na hakuna atakayeaibika. Wasamia wengi wamekaa na Waislamu wa Mumias miaka mingi na jambo hili si geni kwao. Firigisi huwekewa mwanamume anayeheshimiwa. Ukipewa, usiigawe kwa watoto kwa kujifanya mkarimu, utakuwa umeitupa heshima. Beba sukari, majani ya chai, au hata tende. Salamu ya Wasamia ni mulembe, yaani amani, na ya Watesio ni yoga. Maneno hayo mawili yatakufungulia milango kuliko Kiswahili fasaha.

Na watu wetu si wageni wa juzi huku. Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikifika Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo, ikipumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea na safari ya pembe za ndovu. Uislamu wa Mumias ulitokana na wapita njia hao. Milima ya Samia yenyewe ilisifika kwa chuma, na majembe ya Wasamia yaliuzwa mbali. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa Uganda, kisha likahamishiwa upande ambao baadaye ukawa Kenya, na mstari ukapita katikati ya koo. Familia ya Awori ndiyo mfano unaojulikana: Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003, na ndugu yake Aggrey Awori aligombea urais wa Uganda mwaka 2001. Kwa hiyo usishangae mwenyeji wako akikuambia anakwenda kula chakula cha mchana ng'ambo kwa shangazi yake.

Wewe nawe ukitaka kuvuka kula matoke, Mkenya anahitaji kitambulisho cha taifa tu, utaratibu uliopo tangu 2014. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Tangu vituo vya pamoja vianze kazi, kile cha Busia kikizinduliwa na marais wawili Februari 2018, anayetoka Kenya hukaguliwa na nchi zote mbili upande wa Uganda, na anayerudi upande wa Kenya. Usipoteze muda kutafuta muhuri wa kutoka upande usio wako. Njia za panya zipo na wenyeji huzitumia. Mgeni asizitumie, kwa sababu akishikwa hana shangazi wa kumtetea.

Pesa badilisha kwenye ofisi au benki. Wale wa mabunda mkononi huhesabu haraka mno, na noti za Uganda zina sufuri nyingi za kumchanganya mgeni. Siku hizi shilingi moja ya Kenya ni kama 28 za Uganda. Anayekupa 22 anakuibia mchana. M-Pesa hutumika vizuri upande wa Kenya. Zima data ukikaribia mpaka, au chagua mtandao wako kwa mkono, kwani simu hudaka minara ya Uganda ukiwa bado umekaa kitandani Busia ya Kenya.

Tikiti ya kurudi ikate siku moja kabla, hasa Desemba na shule zikifungwa. Mabasi ya Nairobi huondoka zaidi jioni na usiku, na samaki mkavu hubebwa bila shida akiwa amefungwa vizuri. Aliyekaangwa mfungie kwenye gazeti kabla ya mfuko, la sivyo abiria wote watajua umetoka wapi.